Kicheko Kwenye Masafa: Waongoza Ndege, Redio na Anga la Eastlands

Mkazi wa Utawala au Mihang'o, mitaa ya Eastlands mashariki mwa Nairobi, hahitaji kuambiwa kwamba ndege inapita. Mazungumzo ya sebuleni husimama kidogo, runinga huongezwa sauti, kisha maisha huendelea. Ila juu ya mabati na maghorofa hayo kuna mazungumzo mengine yasiyokatika mchana wala usiku, na mkazi huyo hasikii hata neno moja. Ni mazungumzo ya rubani na mwongoza ndege. Mhadhara huu unahusu mazungumzo hayo, hasa pale yanapokwenda mrama kwa namna ya kuvunja mbavu.

Muulize mwongoza ndege aliyestaafu akusimulie kazi yake, na aghalabu hataanza na ajali. Ataanza na rubani aliyewatangazia watu wa mnarani kwamba chakula kitaletwa muda si mrefu, akidhani anazungumza na abiria wake. Atafuatisha na yule aliyekwamisha kitufe cha redio na kuwapigia soga marubani wote waliokuwa hewani bila kujua. Visa hivi husimuliwa kwa kicheko, na kicheko hicho ni halali. Hata hivyo, mhadhara huu una dai moja: kosa la redio linalochekesha na kosa la redio linaloua ni ndugu wa tumbo moja. Mara nyingi kinachowatenganisha ni sekunde chache na mtu mmoja aliyetega sikio. Ndiyo maana visa vya kuchekesha vinastahili kuhifadhiwa kwa uangalifu uleule tunaouweka kwenye ripoti za maafa.

Kuanzia Eastlands si upendeleo wa mtaa. Nairobi ilipokea wageni wake wa kutoka angani upande huu. Hadi mwaka 1958 ndege za abiria kutoka ng'ambo zilikuwa zikitua Eastleigh, uwanja ambao pia ulikuwa kambi ya jeshi la anga la Uingereza na ambao leo ni kambi ya wanahewa wa Kenya, Moi Air Base. Mwaka huo uwanja mpya wa Embakasi ukafunguliwa. Ulijengwa wakati wa hali ya hatari, kwa mikono ya maelfu ya watu waliozuiliwa na serikali ya kikoloni katika vita vya Mau Mau. Kila anayetua Embakasi leo, awe mtalii au mfanyabiashara anayerudi na mizigo yake kutoka Dubai, anatua mahali palipoandaliwa kwa kazi ya kulazimishwa, na jambo hilo halisemwi vya kutosha. Jengo jipya la abiria likaongezwa upande wa pili wa uwanja mwaka 1978, na uwanja ukaja kupewa jina la Jomo Kenyatta.

Pembeni mwa uwanja huo, hapo hapo Embakasi, kuna chuo kinachofundisha watu kuongoza ndege: East African School of Aviation. Kilianzishwa mwaka 1954, enzi ambapo Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zikiendesha huduma zao za anga kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, chuo kikabaki mikononi mwa Kenya. Vijana wengi wa Embakasi na Donholm hupita karibu na lango hilo kwa matatu bila kujua kwamba ndani yake watu hufundishwa jinsi ya kusikiliza.

Maana kazi yenyewe, ukiivua mitambo yote, ni kusikiliza na kusema. Mwongoza ndege amevaa hedifoni. Mbele yake kuna skrini, au ubao wenye vikaratasi vyembamba, kila kimoja kikibeba jina la ndege moja, kimo chake na inakoelekea. Anabonyeza kitufe kwa kidole, au kanyagio kwa mguu, ndipo sauti yake inatoka. Akiachia, anasikia. Masafa ni mamoja na ndege ni nyingi, kwa hiyo kila mtu husubiri zamu yake, na mtu mmoja tu ndiye anayeweza kusema kwa wakati mmoja. Katika kibanda cha rubani mambo yako vivyo hivyo, ila kuna mtego wa ziada. Rubani hutumia maikrofoni ileile kuzungumza na mnara, na mwenzake, na wahudumu, na abiria. Kinachobadilika ni kitufe tu. Akisahau kukigeuza, tangazo la abiria linakwenda mnarani.

Hapo ndipo kicheko cha kwanza huzaliwa. Mwongoza ndege yuko katikati ya kuzipanga ndege sita zishuke kwa foleni, mara sauti nzito na tulivu inamkaribisha ndani ya ndege, inamwombea safari njema, inamweleza hali ya hewa ya huko aendako na kumshauri atazame mlima upande wa kushoto. Hawezi kumkatiza, kwa sababu masafa yameshikwa. Tangazo likiisha, huwa kuna kimya kifupi, kisha rubani wa ndege nyingine hushukuru kwa ukarimu na kuomba kahawa. Kisa cha namna hii kimetokea katika anga za nchi nyingi mno hata haiwezekani kusema kilianzia wapi, na kitaendelea kutokea mradi vidole vya binadamu vinachoka.

Kitufe kinachokwama ni tatizo zito zaidi. Maikrofoni hubanwa chini ya paja au chini ya kitabu, redio ikaanza kurusha kila neno linalosemwa kibandani. Redio ya ndege haiwezi kurusha na kupokea kwenye masafa mamoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayetangaza bila kujua ndiye pekee asiyeweza kuambiwa. Wengine wote wanamsikia na yeye hasikii yeyote. Mwezi Machi 2011, rubani wa shirika la Southwest la Marekani alikwamisha maikrofoni hivyo katika anga la Houston, huku akimweleza mwenzake, kwa maneno machafu, anavyowadharau wahudumu wa ndege anaofanya nao kazi. Marubani na waongoza ndege walisikia hotuba nzima. Kanda ilipotoka hadharani, shirika likaeleza kwamba lilikuwa limemsimamisha kazi kwa muda. Waliokuwa hewani siku hiyo walicheka na kushangaa. Lakini kwa dakika zile, hakuna ndege katika eneo hilo ambayo ingeweza kupewa agizo kwenye masafa yale, hata kama ingekuwa inaelekeana uso kwa uso na nyingine. Redio nyingi za kisasa hujikata zenyewe baada ya nusu dakika hivi ya kurusha mfululizo, kwa sababu ya hatari hiyo hiyo.

Kwenye vijiwe vya marubani, kutoka uwanja wa Wilson hapa Nairobi hadi Sydney, kuna hadithi inayosimuliwa kila mahali kwa majina tofauti. Usiku wa manane, masafa yako kimya. Sauti moja inalalamika, kwa neno lisilochapika, kwamba imechoka na upweke. Mwongoza ndege anakasirika na kumtaka aliyesema ajitambulishe mara moja. Kimya. Kisha sauti inajibu kwamba ilisema imechoka, haikusema ni ya mjinga. Hadithi hii imedumu kwa sababu inasema ukweli kuhusu kazi yenyewe. Kwenye redio hakuna sura, na asiyejitaja hajulikani.

Kwa nini basi sauti mbili zikigongana haziwezi kusikika zote? Wakazi wa Nairobi wana mfano wao wenyewe. Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibra hutangaza kwenye masafa yaleyale ya 99.9. Aliye Korogocho husikia Koch, aliye Kibra husikia Pamoja, na gari linalovuka mji hushikwa na kituo chenye nguvu zaidi pale lilipo, huku kingine kikizama kabisa. Hiyo ndiyo tabia ya FM: mwenye nguvu humeza mnyonge, na msikilizaji hajui kwamba kuna mwingine aliyekuwa akisema. Masafa ya ndege yako jirani kabisa, kati ya megahetzi 118 na 137, juu kidogo tu ya vituo vya muziki vinavyoishia 108. Lakini usafiri wa anga uliamua kubaki na njia ya zamani ya kubeba sauti, ile ya redio za mawimbi ya kati. Kwa njia hiyo, wawili wakisema kwa pamoja, hutokea mluzi mkali unaoumiza masikio. Maneno hayaeleweki, ila angalau kila mtu anajua kwamba wawili wamegongana. Mluzi huo ni kero, na ni mlinzi.

Umbali nao huleta vituko vyake. Mawimbi mafupi yanayotumiwa kwa safari za mbali hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini, na usiku husafiri mbali sana. Hivyo rubani anayemwita mwongoza ndege wa Nairobi anaweza kusikia anayejibiwa ni mtu mwingine kabisa, katika nchi nyingine, akipewa kimo kisichomhusu. Na juu ya sehemu kubwa za Afrika, ambako mawasiliano na watu wa ardhini ni hafifu, marubani wamezoea kutangaziana wenyewe kwa wenyewe kwenye masafa ya 126.9: mimi ni fulani, niko mahali fulani, kimo fulani, naelekea kule. Wengine hupita juu ya Kongo au Sudan wakitegemea adabu hiyo. Katika lindi la matangazo hayo husikika salamu, habari za mpira, na rubani anayemuuliza mwenzake wa shirika lingine kama mishahara imeingia. Ni ubinadamu mtupu, na hakuna haja ya kuuonea haya, mradi usimzuie anayetaka kusema jambo la maana.

Kuna kisa kimoja kinachochekesha kwa sababu tu kiliisha salama. Tarehe 24 Juni 1982, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilikuwa ikitoka Kuala Lumpur kwenda Perth, ikapita usiku ndani ya jivu la volkano ya Galunggung nchini Indonesia. Injini zote nne zikazima. Rubani msaidizi Roger Greaves akatangaza dharura kwa Jakarta na kueleza kwamba injini zote nne hazifanyi kazi. Jakarta wakaelewa kwamba iliyozima ni injini namba nne. Hebu mtu afikirie hali ilivyokuwa: ndege kubwa inashuka polepole kama tiara, na upande wa pili wa redio kuna mtu mtulivu anayedhani bado kuna injini tatu nzima. Ikabidi ndege ya Garuda iliyokuwa karibu iupokee ujumbe na kuurudia hadi ukaeleweka. Injini ziliwaka tena baada ya ndege kutoka kwenye jivu, na watu wote wakashuka hai Jakarta. Mwongoza ndege yule hakuwa mzembe. Injini moja kuzima ni jambo linalotokea. Nne kuzima kwa pamoja halikuwa jambo ambalo sikio lilitarajia kulisikia, na sikio la binadamu husikia linalotarajia.

Sasa turudi nyumbani, kwani Nairobi ina kisa chake, na kinapaswa kujulikana na kila mtoto anayekulia karibu na uwanja.

Mwanzoni mwa Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikikaribia Embakasi. Aina hiyo ya ndege ilikuwa na miaka minne tu ya kubeba abiria na haikuwa imewahi kuua mtu hata mmoja katika ajali. Mwongoza ndege akawapa kibali cha kushuka hadi futi 7,500. Kwa Kiingereza cha redio idadi hiyo hutamkwa tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Kibandani, marubani wakasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri, yaani futi 5,000. Wote wawili walisikia hivyo. Wakaijibu redio kwa idadi waliyoisikia, na kosa likapita bila kukamatwa. Wakaiingiza kwenye mtambo wa kuongoza ndege.

Hapa ndipo kisa kinapoacha kuchekesha. Uwanja wa Embakasi wenyewe uko karibu futi 5,330 juu ya usawa wa bahari. Futi 5,000 ni chini ya ardhi. Mtambo ule mtiifu ulikuwa umeagizwa kuipeleka ndege ndani ya udongo, futi 300 na ushei chini ya barabara ya ndege, na ulikuwa ukitekeleza agizo bila kubisha. Rubani anayetoka Ulaya amezoea viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari, ambako futi 5,000 ni kimo cha kawaida kabisa cha kujiandaa kutua. Akilini mwake idadi ile haikuwa na kasoro. Aliyezaliwa Nairobi hapumui hewa ya Nairobi akifikiria kimo chake, lakini kimo hicho kipo, na siku hiyo nusura kidai roho za watu.

Ndege ikashuka ndani ya mawingu. Ilipochomoza chini yake, ardhi ilikuwa pale pale mbele yao, na uwanja bado uko maili kadhaa. Marubani wakaipandisha kwa nguvu zote. Ilikuwa imefika takriban futi 70 kutoka ardhini, kimo kinachokaribia jengo la ghorofa sita au saba kama yale yaliyosongamana leo mtaani Pipeline. Ikapaa, ikazunguka, ikatua salama. Abiria wengi wakateremka na kuchukua mizigo yao bila kujua chochote.

Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka ilipokuwa ikipaa kutoka Embakasi na kuua watu 59 kati ya 157. Chanzo hakikuwa redio. Vibawa vya mbele vya mabawa havikuwa vimefunguka. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye vitabu kama ajali ya kwanza ya kuua ya aina hiyo ya ndege. Wanaoisoma wachache tu ndio wanaojua kwamba nafasi hiyo ya huzuni ilikaribia kuchukuliwa na ndege nyingine, kwenye uwanja huohuo, kwa sababu ya tarakimu zilizosikika vibaya.

Kwamba kosa la Nairobi halikuwa la bahati mbaya tu kulithibitishwa Kuala Lumpur, tarehe 19 Februari 1989. Ndege ya mizigo ya Flying Tiger ilipewa kibali cha kushuka hadi futi 2,400. Kwa Kiingereza, neno la mbili na neno la "hadi" hutamkwa sawa. Mwongoza ndege akasema mbili, nne, sifuri, sifuri. Rubani akasikia hadi nne, sifuri, sifuri. Akajibu kwamba anashuka futi 400, na hakuna aliyemkatalia. Ndege ikagonga kilima, na wafanyakazi wote wanne wakafa. Ukitoa vifo, ni kichekesho cha aina ile ile tunachosimuliana kuhusu mtu aliyetumwa sukari akaleta sururu. Huwezi kuvitoa vifo.

Na mluzi ule wa sauti mbili zinazogongana ulisikika Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Ndege ya KLM ilisema iko kwenye kupaa. Mnara ukaielewa kwamba iko tayari kupaa, ukajibu sawa, kisha ukaiambia isubiri. Wakati huohuo ndege ya Pan Am, iliyokuwa bado barabarani ndani ya ukungu, ikasema nayo kwamba bado ipo njiani. Sauti zikagongana, mluzi ukafunika maneno, na lililosikika wazi ni lile "sawa" peke yake. Watu 583 walikufa. Tangu hapo neno la kupaa halitumiwi kwenye redio isipokuwa pale kibali cha kupaa kinapotolewa au kufutwa, na neno "sawa" halikubaliki tena kuwa jibu la agizo zito.

Ni kutokana na misiba ya namna hii ndipo kazi hii ilipopata nidhamu ambayo mgeni huiona ya kuchosha. Rubani sharti arudie, neno kwa neno, kimo alichopewa, upande wa kuelekea, kipimo cha kanieneo, na kila ruhusa ya kuingia, kuvuka, kutua au kupaa kwenye barabara ya ndege. Mwongoza ndege sharti asikilize marudio hayo, si kuyangoja yaishe tu. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu aliyechoka, mwenye ndege kumi zinazomwita, husikia mdundo wa jibu lililo sahihi na kuhamia kwa mwingine kabla ya kulisikia jibu lenyewe. Wakufunzi hupigana na tabia hiyo miaka nenda miaka rudi.

Tarakimu nazo zimepinda ulimi kwa makusudi. Tisa ya Kiingereza hutamkwa "naina" na tano hutamkwa "faifu", kwa sababu kwenye redio yenye mikwaruzo maneno ya kawaida ya tano na tisa hufanana mno. Tatu husemwa "tri". Anayesikiliza kwa mara ya kwanza hucheka, akadhani ni lafudhi ya kijijini. Herufi pia zina majina yake, Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea, orodha iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1956 baada ya utafiti ulioongozwa na mwanaisimu Jean-Paul Vinay wa Montréal, ili majina hayo yasikike vizuri kwa wasemaji wa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Hata hivyo orodha haikutarajia kila jambo. Uwanjani Atlanta, nyumbani kwa shirika la Delta, njia ya ardhini ya herufi D iliwahi kuitwa Dixie. Kuiita Delta mahali ambapo ndege nyingi zinaitwa Delta ni kualika vurugu.

Je, kicheko kina mahali pake hewani? Kina. New York, kwenye uwanja wa Kennedy, alikuwapo mwongoza ndege aitwaye Steve Abraham, aliyestaafu mwaka 2017. Marubani walimjua kwa mizaha yake, na watu ulimwenguni kote husikiliza kanda zake mtandaoni. Ukizisikiliza kwa makini utagundua jambo: mzaha huja baada ya agizo kutolewa, kurudiwa na kuthibitishwa, na haujawahi kuwa ndani ya agizo lenyewe. Uwanja huohuo, mwaka 2010, mwongoza ndege mwingine alimleta mtoto wake kazini na kumwachia awape marubani ruhusa ya kupaa. Marubani walifurahi, mmoja hata akasifu. Wakubwa hawakufurahi, wakamsimamisha kazi yeye na msimamizi wake. Walikuwa sahihi. Mtoto hakukosea hata neno, lakini sauti inayotoka mnarani lazima iwe ya mtu anayeweza kujibu swali la pili.

Uchovu wa ulimi haumwachi hata shujaa. Tarehe 15 Januari 2009 ndege ya US Airways iligonga ndege wa angani na kupoteza injini zote mbili juu ya New York. Jina lake la redio lilikuwa Cactus 1549. Rubani Chesley Sullenberger aliita akijitaja 1539, na mwongoza ndege Patrick Harten akamjibu 1529. Wote wawili walikosea jina, na wote wawili walielewana, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimsikiliza mwenzake kwa moyo wote. Ndege ikatua kwenye mto Hudson, na watu wote 155 wakaokoka.

Hapa Nairobi si ajabu kusikia rubani wa Ulaya akiingia kwenye masafa na kusema "Jambo", na mwongoza ndege akamkaribisha kabla ya kumpa kimo. Lugha ya kazi ni Kiingereza, na tangu mwaka 2008 shirika la kimataifa la usafiri wa anga linadai kiwango maalumu cha kuimudu kwa rubani na mwongoza ndege anayehudumu safari za kimataifa. Wakenya, waliozoea kugeuka kutoka Sheng hadi Kiswahili hadi Kiingereza ndani ya safari moja ya matatu kwenye Jogoo Road, wana sikio lililozoea lafudhi nyingi. Huo ni mtaji wa kweli katika kazi hii, na vyuo vingefanya vyema kuuthamini.

Kuhusu kuhifadhi visa hivi, Marekani, tangu mwaka 1976, kuna mfumo unaoendeshwa na NASA ambapo rubani au mwongoza ndege anaweza kuandika kosa lake bila jina lake kujulikana, na visa vilivyochaguliwa huchapishwa katika jarida dogo. Vingi vinachekesha sana, na kila kimoja kimemfundisha mtu ambaye hakuwapo. Afrika Mashariki ina hazina kama hiyo, ila sehemu yake kubwa imo vichwani mwa wazee. Wapo waliofanya kazi chini ya Jumuiya ya kwanza, waliozipokea ndege za East African Airways kabla ya kuvunjika kwake mwaka 1977, waliokuwa zamu siku redio ilipokatika na siku ilipokataa kunyamaza. Wengi wao sasa ni majirani tu: babu anayenunua gazeti Donholm, nyanya anayeongoza kwaya Komarock. Kijana wa Umoja, Kayole au Embakasi mwenye simu inayorekodi na aliye na jirani wa namna hiyo, aende akamwamkie, amuulize kisa kilichomchekesha zaidi kwenye redio, amwache aseme hadi mwisho, kisha kanda aipeleke kwa wakufunzi wa chuo kilicho hapo Embakasi. Aende mwaka huu, wazee wangali nasi.